Betri Yenye Kiungulia

Pale sokoni Uyole walimjua Sekela kwa jambo moja: hasemi asante. Umpunguzie bei ya chumvi, umbebee gunia, umwokotee shilingi yake matopeni, atakwambia "ndaga" tu. Wanyakyusa wenzake walimwelewa, kwao hiyo ndiyo asante. Lakini aliwaambia hivyo hivyo Wahehe wa Iringa na Wasukuma waliopanda na ng'ombe wao kutoka Usangu, ambao hiyo ndaga hawajui inaliwa au inavaliwa. Wakasema binti yule ana maringo.

Hayakuwa maringo. Baba mkwe wake aliitwa Asukile, na mwanamke wa Kinyakyusa aliyefundwa akafundika hataji jina la baba mkwe. Hamtazami usoni, hasemi naye, hata njia moja hawapishani. Akimwona anakuja, yeye anajitosa kwenye migomba mpaka mzee apite. Wengi huishia hapo. Mama yake Sekela hakuwa mtu wa kuishia hapo. Alimkataza hata maneno yanayoanza kama jina lile, ya Kinyakyusa na ya Kiswahili, maana alisema masikio ya mizimu hayachagui lugha. Basi asante ikafa. Asubuhi ikawa "mapema", asali ikawa "ile ya nyuki".

"Mwenye kulitaja," mama yake alimwambia siku ya kumsindikiza kwa mume, "tumbo lake ndilo linalolipa."

Na tumbo la Sekela lilikuwa limeshalipa mara moja, bila yeye kutaja chochote. Uzazi wake wa kwanza ulimkalia nyumbani hadi wanaume wakambeba kwa machela kushuka mlima, kutwa nzima, na walipofika hospitali mjini Mbeya mtoto alikuwa ameshakufa. Yeye walimpasua, akapona. Siku ya kumruhusu, daktari alimwekea kidole juu ya kovu. "Mimba nyingine, usisubiri uchungu nyumbani," alisema. "Hapa pakiachia kabla hujafika kwetu, hatutakuwa na la kufanya."

Maneno hayo Sekela alilala nayo na kuamka nayo. Sasa ulikuwa mwezi wa tano mwaka 1974, mimba ya pili ilikuwa imeiva, na mumewe Lutengano alikuwa Chunya akiendesha trekta la mashamba ya tumbaku. Mama mkwe, Marta, alikuwa amepanga kila kitu: Jumatatu ya mwisho ya mwezi watashuka mjini, Sekela akae kwa ndugu zao karibu na hospitali asubiri huko. Watashuka na pikapu ya mzee. Mlima mzima ule juu ya Uyole haukuwa na gari jingine.

Ndipo pikapu ilipoanza kuugua.

Mzee Asukile alikuwa akiitumia kupeleka viazi mpaka Iringa. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti jeusi na maneno machache, na gari lile alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Safari moja liligoma kuwaka kule Iringa, sokoni, mbele ya watu. Wapagazi wakalisukuma huku wakimwimbia. Alirudi nyumbani amenuna, akakaza mkanda wa dainamo, akasugua nyaya, akasema ni baridi. Jioni akawa anaifunika betri kwa gunia. Mwishowe alilipeleka kwa fundi Bartholomeo, Mhehe wa Iringa aliyefungua gereji yake kando ya barabara kuu pale Uyole.

Siku ya pili yake Sekela alishuka sokoni. Alikuwa akipita mbele ya gereji fundi alipomwita.

"Wewe, mkamwana wa mzee Asukile!"

Sekela alishtuka, kama alivyoshtuka kila mara alipolisikia jina lile likitupwa hovyo barabarani.

"Mzee aliondoka kabla sijamaliza kumweleza," fundi alisema. "Mwambie betri haijafa. Asidi imevuja kidogo, imefanya ule ukungu mweupe kwenye vichwa vya betri, ndiyo maana umeme haupiti. Achukue magadi, hayo hayo ya kupikia, ayakoroge na maji, aoshee vile vichwa kwa nje. Magadi yanaua asidi. Lakini vifuniko asifungue! Magadi yakiingia ndani yataiua asidi yenyewe, na betri bila asidi ni sanduku la maji. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Hebu sema."

Sekela alifungua mdomo, akaufunga. "Vichwa vioshwe kwa magadi. Kwa nje. Ndani yasiingie, yasije yakaiua ile."

"Ile ipi?"

"Ile uliyoitaja."

Fundi akacheka mpaka akashika kiuno. "Asidi, mama. A-si-di. Haya, nenda. Wanyakyusa mna kazi kweli."

"Ndaga," alisema Sekela, akashika njia ya mlimani.

Yeye mwenyewe hakuweza kumwambia mzee. Ujumbe wote wa kwenda kwa mzee ulipita kwa Marta. Na Marta, Mungu amweke, alikuwa mwanamke mwenye moyo mweupe na masikio ya haraka: husikia nusu ya neno, nusu nyingine akaimalizia mwenyewe. Sekela alimkuta jikoni akimkorogea maji ya magadi. Mimba ilimletea kiungulia kikali, na dawa yake ilikuwa hiyo, kikombe cha magadi membamba kila jioni.

"Mama, fundi kasema ile… ile yenye uchachu imetoka," Sekela alianza. "Sasa magadi yanaua uchachu. Yapakwe kwa nje, kwenye vichwa. Ile ya ndani isiguswe."

"Uchachu!" Marta alisema. "Mwe! Kumbe hata betri. Nitamwambia. Kunywa hii kwanza kabla haijapoa."

Sekela akanywa. Kiungulia kikatulia, na yeye akaamini neno limefika.

Jumamosi ile, akiwa nyuma ya migomba, aliona mgongo wa mzee umeinama chini ya boneti. Mzee alikuwa akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, kama mtu anayemhudumia mgonjwa. Sekela akafurahi. Lakini mapema ya Jumapili, pikapu ilipotakiwa kwenda kanisani, stata ilisikika nzito kuliko juzi. Wiki iliyofuata ikawa nzito zaidi. Jumamosi nyingine mzee akainama tena chini ya boneti na wimbo wake, na Jumapili gari halikuwaka kabisa mpaka likasukumwa.

Toka hapo Sekela akawa mtu wa kusikiliza. Kila kulipokucha alilala macho kodo, mkono juu ya kovu, akingoja mzee apige stata. Ikilia, yeye anapumua. Ikikokota, mtoto humo ndani anapiga teke kana kwamba naye amesikia. Kwa nini inazidi? Fundi alisema haijafa. Fundi alisema magadi yataiponya. Siku moja, wote wakiwa shambani, aliliendea gari kwa kunyata kama mwizi wa kuku, akainua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa safi, vinang'aa. Kando ya vifuniko palikuwa na unga mweupe kidogo, akadhani ni mabaki ya ukungu ule ule. Hakuona kosa. Hilo ndilo lililomtia woga zaidi, maana kosa ambalo hulioni huwezi kulikimbia.

Mzee akaanza kuliegesha gari juu ya mteremko wa nyumba, ili likigoma liachiwe liserereke na kuwaka lenyewe. "Jumatatu litashuka tu," Marta alimwambia. "Mteremko haugomi."

Uchungu haukungoja Jumatatu. Ulimshika Jumamosi mchana akiosha majani ya maboga, wa kwanza mdogo, wa pili ukamkalisha chini. Mvua ya mwisho ya msimu ilikuwa ikinyesha, na ukungu ulikuwa umeshuka mlimani hata choo hakionekani kutoka jikoni. Sekela hakupiga kelele. Alimtazama Marta tu, na Marta akatupa sufuria.

Marta na wanawake wa jirani walimlaza nyuma ya pikapu, juu ya magunia, wakamtandikia turubai juu. Mzee alisimama upande wa pili wa nyumba mpaka Sekela alipokwisha kufunikwa gubigubi, maana hata siku ya kufa heshima ni heshima. Kisha akaja, akaingia kwenye usukani bila kugeuka. Marta akakaa nyuma na mkamwana wake.

Mzee hakugusa stata. Aliachia breki. Pikapu ikaanza kuserereka, ikashika kasi, mzee akaachia klachi, injini ikakohoa mara mbili, ikashika. "Bwana asifiwe!" Marta akapiga vigelegele. Mzee akawasha taa kwa ajili ya ukungu. Ndani ya turubai Sekela aliona mwanga wa taa zile ukigonga matone ya mvua, wa njano, hafifu, na kila walivyoendelea ukazidi kuwa mwekundu. Alitaka kusema, zima taa, zinaila betri. Lakini ni kwa nani?

Kule chini, penye kijito kinachotenganisha mlima wao na mlima wa jirani yao Yotamu, njia inalala tambarare kabla ya kupanda tena. Pikapu ilivuka daraja la magogo, ikakohoa, ikanyamaza.

Ikabaki mvua juu ya turubai. Uchungu mwingine ukaja. Safari hii Sekela aliusikia kwenye kovu lenyewe, kama uzi unaovutwa, na akajua kabisa kwamba anaweza kufia hapa, kwenye tope, karibu na nyumbani kuliko safari ile ya machela.

"Marta!" mzee aliita kutoka mbele. "Kimbia kwa Yotamu, walete wanaume wasukume. Mimi naipa dawa yake. Leo sijaipa."

Marta akashuka haraka, akikunja kanga.

"Mama, dawa gani?" Sekela aliuliza.

"Ile ile yako, mwanangu. Magadi. Si ulisema betri ina uchachu, kiungulia kama chako? Anaipa kijiko kijiko, kila tundu. Inatoa povu hiyo, inapumua! Vumilia, narudi sasa hivi." Akatokomea kwenye ukungu.

Sekela alibaki ametumbua macho gizani chini ya turubai. Kila tundu. Kijiko kijiko. Akauona ule unga mweupe kando ya vifuniko, akaziona Jumamosi zote zile na nyimbo zake. Hakuna aliyelihujumu gari. Hakuna mchawi wala baridi. Ni yeye, na neno moja aliloogopa kulitamka jikoni.

Akasikia boneti ikifunguliwa. Alifunua turubai kidogo. Kwa pembeni ya bodi alimwona mzee akifungua vifuniko vya betri kimoja kimoja, taratibu, akivipanga juu ya kitambaa. Kisha akatoa mfukoni mwa koti kifurushi cha gazeti.

Sekela akakohoa kwa nguvu. Mzee, kwa heshima, akajisogeza upande wa mbali ili asije akamwona. Sekela akagonga bodi kwa kiganja. Mzee akadhani ni maumivu, akainamisha kichwa zaidi.

"Baba!" Sekela alilia. Hakuwahi kumwita hivyo wala vinginevyo. "Baba! Baba!"

"Amina," mzee alijibu kwa upole, bila kugeuka. Alidhani mkamwana wake anasali.

Kifurushi kilikuwa kimeshafunguliwa. Ndani ya betri ile palikuwa pamebaki pumzi kidogo tu, ile iliyoliwasha gari mteremkoni, na vijiko hivyo vingeimaliza. Palibaki neno moja ambalo mzee angelisikia, na Sekela alilijua, na alilihofu kuliko mauti yake mwenyewe. Tumbo lake ndilo linalolipa. Tumbo gani, mama? Hili hapa? Akitamka, mtoto analipa. Asipotamka, mtoto analipa vile vile. Alilishika tumbo lake kwa mikono miwili, kama mtu anayemziba mtoto masikio.

"Asukile!"

Mlima wa pili ukalirudisha jina hilo. Mzee alisimama wima kana kwamba amepigwa fimbo ya mgongo.

"Asukile, usitie! Unaiua asidi! Asidi, ndiyo inayofanya umeme, na magadi yanaiua! Fundi alisema nje, vichwani, kwa nje tu! Mimi ndiye sikulisema neno, kwa sababu ya jina lako! Na zima taa, zinaimaliza!"

Kisha akajifunika, akingoja tumbo lipasuke. Alihesabu kwamba litapasuka sasa. Uchungu ukaja, mkali, ukapita. Alisikia mvua. Alisikia kitu kikianguka kwenye maji ya kijito, chubwi, chepesi kama kifurushi cha gazeti. Vifuniko vikafungwa kimoja kimoja. Halafu swichi ya taa, tiki, na ule wekundu ukatoweka kwenye turubai.

Marta aliporudi na Yotamu na wanawe wakubwa, alikuta mumewe ameketi kwenye jiwe, mvua inamnyeshea, mgongo ameipa pikapu. "Iacheni ipumzike kidogo," alisema. "Kisha tuisukume kinyumenyume, ipande huko tulikotoka, tuiachie." Yotamu alitaka kubisha, akatazama uso wa mzee, akaacha.

Waliisukuma kuvuka daraja, miguu ikiteleza, wakaipandisha mlimani hadi pumzi zikawaishia. Mzee akaachia breki. Ikashuka, klachi ikaachiwa, injini ikakohoa. Ikanyamaza. Sekela akauma kanga. Wakaipandisha tena. Mara hii ilikohoa, ikasita, ikakohoa tena, na magurudumu yalipokuwa yamegusa daraja ikanguruma.

Mzee hakuwasha taa. Yotamu alipanda juu ya madigadi ya mbele, akajishikilia kwenye kioo cha pembeni, akawa ndiye taa: "Kushoto, mzee! Shimo! Kulia!" Hivyo ndivyo walivyoshuka Uyole, gari kipofu ndani ya ukungu, na kila lori lililopiga honi kwenye barabara kuu lilimfanya Sekela aone roho yake imesimama mlangoni. Mzee hakuthubutu kuzima hata walipofika hospitali. Aliliacha likinguruma getini, Marta akimvuta mkamwana wake kuelekea taa za wodi.

Alipozinduka, jambo la kwanza Sekela alilofanya ni kuogopa. Alipeleka mkono tumboni, akakuta bandeji na tumbo tupu, kisha akasikia mtoto akilia kwa hasira pembeni yake. Alikuwa msichana. Sauti yake ilikuwa nene kupita umbo lake. Marta alikuwa amempakata, analia na kucheka kwa pamoja.

"Fundi amekuja kulitazama gari," Marta alisema alipopata pumzi. "Kasema betri ile ni ya kutupa, haifai hata kuzuia mlango. Kasema haelewi ilitufikishaje." Akakunja pindo la shuka. "Mwanangu, mimi niliyapeleka maneno yako vibaya."

"Mimi niliyafunga vibaya, mama."

Marta akaonyesha dirishani kwa kidevu. Nje, kwenye nyasi zenye umande, alisimama mzee Asukile na koti lake jeusi lililokauka na tope. Alikuwa amewapa mgongo, jinsi ipasavyo.

"Yuko hapo toka jana. Hajala. Anasema nikuulize," Marta alishusha sauti, "nikuulize kama tumbo limesalimika. Maana naye anaijua ile ya kulipa. Alikuwa anaiogopa kuliko wewe."

Sekela alimtazama mtoto, akauhesabu uso wake wote, pua, macho, kidevu. Hakikupungua kitu.

"Mwambie limesalimika. Mwambie ndaga fijo," alisema. Marta akasimama kwenda dirishani. "Hapana, mama. Ngoja."

Akajiinua kwa kiwiko, mshono ukamchoma, akaelekeza uso kwenye dirisha na ule mgongo mweusi. Hofu ilikuwa bado pale pale, lakini sasa alijua ukubwa wake.

"Asante, baba," alisema.

Mzee hakugeuka. Aliinamisha kichwa, mabega yakamcheza kidogo ndani ya koti. Safari hii hakujibu amina.

"Nimesikia," alisema.